Kabla ya kemo kuanza, uliza kuhusu minyoo

UKIMWULIZA kijana wa Nairobi au Mombasa minyoo ni shida ya nani, atakuambia ni ya watoto wa shule ya msingi. Atakumbuka ile siku mwalimu aliwapanga foleni, kila mmoja akatafuna tembe moja, akanywa maji na kurudi darasani. Ukishamaliza sekondari, ukaenda chuo na kupata kazi mjini, neno minyoo hubaki la kumtania yule rafiki anayefagia sufuria nzima ya ugali na bado hanenepi.

Kuna wodi hospitalini, hata hivyo, ambako neno hilo si utani hata kidogo. Ni wodi ya wagonjwa wa saratani za damu: lukemia, limfoma na mailoma. Humo, mnyoo aliyekaa tumboni kimya kwa miaka 20 bila kumsumbua mwenyewe anaweza kumuua katika muda wa siku au wiki chache, huku familia ikidhani ni saratani imemshinda au ni dawa zimemzidi nguvu.

Linalouma zaidi ni kwamba kifo cha aina hii mara nyingi kinaweza kuzuiwa. Kinachohitajika ni mtu mmoja aulize swali mapema, kipimo kifanywe, na tembe zimezwe kabla ya matibabu ya saratani kushika kasi. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Katika familia nyingi ni vijana wanaompeleka mzazi au ndugu kliniki, wanaosoma karatasi za hospitali, wanaochota maji na wanaopika.

Walinzi wanapougua

Walinzi wakuu wa mwili ni seli nyeupe za damu. Hutengenezwa kwenye uboho, ile sehemu laini iliyo ndani ya mifupa. Nyingine huzunguka kwenye damu zikisaka bakteria, nyingine hukaa kwenye tezi zikikumbuka maadui wa zamani, na nyingine hutengeneza kingamwili.

Saratani ya matiti au ya tezi dume huanzia kwingine. Saratani za damu huanzia kwa walinzi wenyewe. Katika lukemia, uboho hufurika seli changa ambazo haziwezi kazi. Katika limfoma, seli za kinga zilizo ndani ya tezi hukua ovyo. Katika mailoma, zile seli za kutengeneza kingamwili hubaki kutoa protini isiyo na faida. Ndiyo maana mgonjwa wa lukemia anaweza kuwa na seli nyeupe nyingi ajabu kwenye karatasi ya maabara, na bado asiwe na kinga ya maana. Ni kama kituo cha polisi kilichojaa watu waliovaa sare, lakini hakuna hata mmoja aliyepitia mafunzo ya Kiganjo.

Kisha yanakuja matibabu. Kemotherapi, au kemo kama wengi tunavyoiita, hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi. Hivyo ndivyo inavyoua saratani, lakini pia huwaangusha walinzi wachache waliobaki na kuchubua utando laini wa ndani ya utumbo. Baada ya kila awamu kuna siku kadhaa ambazo mgonjwa huwa karibu hana ulinzi.

Na usifikirie ni ugonjwa wa wazee pekee. Limfoma ya Burkitt, ambayo Daktari Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Mulago, jijini Kampala, huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, likiwemo eneo la Ziwa Victoria. Lukemia ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi duniani. Limfoma ya Hodgkin huwapata sana vijana wa miaka ya 20 na 30. Hizi ni saratani ambazo wengi wanaweza kupona wakitibiwa mapema na vizuri. Kumpoteza mgonjwa kama huyo kwa sababu ya mnyoo ni hasara mara mbili.

Mnyoo asiyekubali kuondoka

Minyoo wengi wa tumboni huishi kwa mwaka mmoja au miaka michache, wakazeeka na kufa. Usipoambukizwa tena, mambo yanaisha. Strongiloidi hafuati kanuni hiyo.

Mnyoo huyu ni mdogo mno. Yule wa kike anayeishi ndani ya utumbo ana urefu wa kama milimita 2 tu. Mabuu wake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Ukikanyaga hapo bila viatu, iwe ni shambani, nyuma ya choo cha shimo au njia ya kwenda mtoni, wanapenya ngozi ya mguu bila kuhitaji kidonda. Wanaingia kwenye damu, wanafika kwenye mapafu, wanapanda hadi kooni, unawameza bila kujua, kisha wanateremka hadi kwenye utumbo mdogo. Huko yule wa kike hutaga mayai bila kuhitaji dume.

Mayai huanguliwa humo humo tumboni. Mabuu wengi hutoka na choo. Lakini baadhi hukomaa kabla ya kutoka, wakatoboa ukuta wa utumbo au ngozi iliyo karibu na tundu la haja kubwa, na kuanza safari upya ndani ya mtu yule yule. Yaani mtu anaambukizwa mara moja ushago akiwa na miaka minane, halafu anaendelea kujiambukiza mwenyewe akiwa Kayole au Bamburi akiwa na miaka 30, hata kama hajakanyaga udongo bila viatu tangu ahamie mjini.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitokana na vita. Wanajeshi wa Uingereza na nchi nyingine waliotekwa na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia walilazimishwa kujenga reli kati ya Thailand na Burma, wengi wao wakiwa miguu mitupu. Miaka ya 1970, madaktari wa Liverpool waliwapima wale waliokuwa bado hai na kuwapata baadhi yao wakiwa na strongiloidi wale wale. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita tangu warudi kwao, katika nchi ya baridi ambako mnyoo huyu ni nadra.

Wengi walio na strongiloidi hawahisi chochote. Wengine hupata maumivu ya juu ya tumbo, kuhara kunakokuja na kupotea, kikohozi kisichoeleweka, au mwasho. Kuna ishara moja ya ajabu: mstari mwekundu unaowasha kwenye makalio au mapaja, ambao husogea sentimita kadhaa kwa saa moja. Huyo ni buu akitambaa chini ya ngozi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu kati ya milioni 300 na 600 duniani wana mnyoo huyu, wengi wao wakiwa katika nchi zenye joto, unyevu na uhaba wa vyoo salama.

Steroidi zinapofungua mlango

Kwa mtu mwenye afya, kinga ya mwili haiwamalizi minyoo hawa, lakini huwadhibiti. Idadi yao hubaki ndogo. Ni makubaliano ya kimya kati ya mwili na mgeni asiyelipa kodi.

Makubaliano hayo huvunjwa na dawa za kundi la steroidi, hasa prednisoloni na deksamethasoni. Dawa hizi ni nguzo ya matibabu ya saratani za damu. Mgonjwa wa lukemia kali ya aina ya limfositi humeza steroidi kila siku kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa matibabu. Zimo pia katika mchanganyiko wa dawa za limfoma nyingi na za mailoma. Bila steroidi, wengi hawangepona.

Shida ni kwamba steroidi hutuliza kinga yenyewe. Mlinzi akilala, mabuu wanaojiambukiza upya huongezeka kutoka wachache hadi maelfu. Wanasambaa hadi kwenye mapafu, ini na hata ubongo. Wanapotoboa utumbo, hubeba bakteria wa kinyesi na kuwamwaga ndani ya damu. Mgonjwa hupata homa kali, hupumua kwa shida, tumbo hujaa, wengine hupata uti wa mgongo, yaani homa ya utando wa ubongo. Daktari anaona bakteria kwenye damu na kutoa antibiotiki. Mgonjwa anapata nafuu, kisha anazidiwa tena, kwa sababu anayewabeba bakteria bado yumo ndani. Hali ikifika hapo, wengi hufariki hata wakiwa kitandani hospitalini.

Tuseme ni binamu yako mwenye miaka 24. Amelelewa kijijini, akaja Nairobi kutafuta kazi. Tezi za shingo zikavimba, akapimwa, ikabainika ni limfoma. Anaanza kemo na prednisoloni. Wiki ya tatu anaharisha, anakohoa, ana homa. Nyumbani mnasema, "Ni kemo hiyo, ilimchapa hata yule jirani." Siku mbili zinapita mkingoja ipungue. Kwa mtu wa hali yake, siku mbili ni nyingi mno.

Jambo hili halihusu saratani pekee. Wakati wa janga la korona, deksamethasoni ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa mahututi kuanzia mwaka 2020, madaktari walitoa tahadhari kwamba waliotoka maeneo yenye strongiloidi wachunguzwe au wapewe dawa ya mnyoo huyo.

Hapa kuna funzo kwa wale wanaonunua "dexa" au "predni" dukani bila karatasi ya daktari, kwa sababu ya kikohozi, mwasho au kwa kutaka kunenepa haraka. Hatari ni ile ile. Tena kuna nyingine: ikiwa uvimbe wa tezi zako ni limfoma, steroidi zinaweza kuupunguza kwa muda na kuwavuruga madaktari wanapochukua kipande cha nyama kwenda kukipima. Ugonjwa unajificha, wewe unafurahi umepona, kumbe unachelewa.

'Lakini mimi nilimeza dawa shuleni'

Hili ndilo jibu utakalopewa na wengi, na lina mantiki. Kenya ni nchi inayojulikana duniani kwa habari za minyoo. Utafiti uliofanywa Busia mwishoni mwa miaka ya 1990 na wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa za minyoo walihudhuria shule zaidi. Kremer alikuja kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019. Serikali nayo ilianza mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa mwaka 2009, na mamilioni ya watoto wamefaidika.

Ila mpango huo ulilenga minyoo wengine: askari, safura na mjeledi kwa kutumia albendazoli, na kichocho kwa dawa nyingine katika maeneo yanayohitaji. Tembe moja ya albendazoli hufanya kazi nzuri kwa askari. Kwa strongiloidi haitoshi. Dawa inayomweza vizuri ni ivamektini, ambayo asili yake ni bakteria wa udongo aliyepatikana Japani. Ugunduzi huo uliwapatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2015.

Tena, kipimo cha choo kinachotumiwa sana katika uchunguzi wa minyoo shuleni hutafuta mayai. Strongiloidi hatoi mayai kwenye choo, hutoa mabuu, tena wachache na si kila siku. Kwa hiyo mtu anaweza kupeleka kikopo maabara, aambiwe "hakuna kitu", na mnyoo bado yupo. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza sampuli zaidi ya moja za siku tofauti, mbinu za maabara zinazowavuta mabuu nje ya choo, au kipimo cha damu cha kingamwili pale kinapopatikana.

Kuna mtego mwingine. Madaktari hutumia aina moja ya seli nyeupe, eosinofili, kama kidokezo cha minyoo, kwa sababu huongezeka mtu anapoambukizwa. Lakini steroidi huzishusha seli hizo, na saratani ya damu yenyewe huvuruga hesabu. Mgonjwa anaweza kuwa na minyoo kibao na kidokezo hicho kisionekane. Kinachobaki ni historia ya mtu: ulizaliwa wapi, uliwahi kutembea bila viatu, ulilima, ulitumia choo cha aina gani, uliogelea mto gani. Historia hiyo daktari hawezi kuipata kwenye mashine. Lazima aambiwe.

Mwaka 2024, WHO ilitoa mwongozo mpya ikipendekeza ivamektini itolewe kwa umma katika maeneo ambako kiwango cha strongiloidi kinafika asilimia 5 au zaidi miongoni mwa watoto wa umri wa kwenda shule. Kwa mgonjwa anayeanza kemo leo, hata hivyo, suala la kijiji chake kufikiwa ni la baadaye. Lake ni la wiki hii.

Klorini haimalizi kila kitu

Strongiloidi ndiye anayeua ghafla, lakini hayuko peke yake. Jiadia na amiba bado ni wageni wa kawaida kwenye matumbo yetu, na amiba naye huwa mkali zaidi mtu akiwa kwenye steroidi. Kisha kuna kimelea ambacho vijana wengi hawajawahi kukisikia: kriptosporidi.

Kriptosporidi huja na maji, chakula au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha watu au cha mifugo, hasa ndama. Kwa mtu mwenye kinga nzuri, huleta kuhara kama maji kwa wiki moja au mbili kisha kupona. Kwa mgonjwa wa lukemia, kuhara huko kunaweza kuendelea kwa wiki nyingi, akakauka, akakonda na kemo ikalazimika kuahirishwa. Utafiti mkubwa uliofanywa katika vituo saba vya Afrika na Asia, kimoja kikiwa magharibi mwa Kenya, ulikitaja mwaka 2013 kuwa miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kwa watoto wadogo.

Ubaya wake ni ganda. Kriptosporidi husafiri ndani ya ganda gumu ambalo klorini ya kawaida hailiwezi. Mwaka 1993, mji wa Milwaukee nchini Marekani ulipatwa na kisa ambacho bado hufundishwa vyuoni. Kimelea hiki kilipita kwenye mtambo wa kusafisha maji, na watu takriban 400,000 wakaugua. Waliofariki walikuwa wengi wao watu wenye kinga dhaifu. Hayo ni maji ya bomba, katika nchi tajiri, yaliyotiwa klorini.

Sasa fikiria maji ya mkokoteni Githurai, au mtungi wa lita 20 uliojazwa usiku mabomba yalipofunguliwa. Dawa ya klorini unayotia kwenye mtungi ni nzuri, usiache kuitumia. Inazuia kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini kwa mtu aliye kwenye kemo, maji ya kunywa yachemshwe pia. Yakishaanza kutokota sawasawa, yaache dakika 1. Ukiwa mahali pa juu sana kama Eldoret, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yaache dakika 3, kwa kuwa maji huko huchemka kabla ya kufika joto la kawaida.

Vivyo hivyo kwa mikono. Ile sanitaiza ya kwenye mkoba haiui kriptosporidi. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo huondoa ganda hilo kwenye ngozi.

Kuharisha si 'kawaida ya kemo'

Ni kweli dawa za kemo zenyewe huweza kuharisha. Bakteria pia, virusi pia, hata antibiotiki pia. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu sababu ni nyingi na ishara zinafanana. Anayekisia anacheza bahati nasibu.

Mtaani tuna mazoea ya kutibu kila tumbo kwa Flagyl. Dawa hiyo huua jiadia na amiba. Haiui kriptosporidi na haimtishi strongiloidi. Ukimpa mgonjwa wa saratani kwa kukisia, unaweza kupoteza wiki nzima, na baadhi ya dawa za dukani hugongana na dawa za saratani. Dawa za kufunga tumbo nazo zisinunuliwe kiholela, hasa kama kuna homa au damu kwenye choo.

Shika namba moja kichwani: nyuzi 38. Mgonjwa aliye kwenye kemo akifikisha joto la nyuzi 38, hiyo ni dharura. Si ya kungoja asubuhi, si ya kumeza panadol kwanza uone. Nunua kipimajoto, kiweke karibu na kitanda, na mjue mapema mtatumia gari la nani saa nane usiku.

Na tuwe wazi kuhusu aibu. Wengi wetu hatupendi kubeba kikopo cha choo kwenye matatu, wala kuongea habari za choo na baba mkwe au shangazi. Mzazi naye hataki kumwambia kijana wake ameenda chooni mara saba. Msaidie kwa kuuliza kwa heshima na bila kukunja uso: "Mama, leo tumbo limekuwaje? Umeenda mara ngapi?" Andika kwenye simu. Tarehe, idadi, homa, damu au la. Daktari atakushukuru.

Jikoni na mlangoni

Huhitaji kuwa na nyumba ya kifahari ili kumlinda mgonjwa. Mboga zioshwe kwa maji safi na zipikwe. Matunda ya kumenya, kama ndizi, chungwa na embe, yaoshwe kwanza kisha yamenywe na mtu mwenye mikono safi. Kachumbari, smokie pasua ya kando ya barabara, sharubati ya miwa na matunda yaliyokatwa tayari yangoje hadi kinga irudi. Nyama iive kabisa. Kikombe chake kioshwe kwa maji yaliyochemshwa.

Ukiwa unaharisha, usimpikie na usimtembelee. Piga simu, mtumie salamu, tuma pesa ya matunda. Ukimpeleka ushago apumzike kati ya awamu za kemo, hakikisha ana viatu vilivyofunika mguu, hata kwenda chooni usiku. Asisafishe zizi, asishike udongo wa bustani bila glavu, na wengine wamfanyie kazi ya ndama na kuku.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

Madaktari wa saratani katika hospitali zetu za rufaa wana foleni ndefu. Mtu anaweza kupata dakika chache tu nao. Nenda ukiwa umeandika maswali yako:

1. Je, katika dawa hizi kuna steroidi? Ataanza lini na kwa muda gani?

2. Mgonjwa alilelewa kijijini na alitembea bila viatu. Je, anahitaji kupimwa strongiloidi, au kupewa ivamektini kabla ya kuanza?

3. Kama kipimo cha choo kitafanywa, je, kinatafuta mabuu au mayai tu? Tulete sampuli ngapi?

4. Akiharisha, tupime nini, na tumpigie nani simu usiku?

5. Kuna dawa gani za dukani au za miti shamba ambazo hapaswi kabisa kumeza?

Kwa waliowahi kuishi katika misitu ya Afrika ya Kati, ikiwemo Congo, mwambieni daktari mapema. Huko kuna mnyoo mwingine, loa, na aliye naye kwa wingi anaweza kudhurika vibaya akimeza ivamektini bila kuchunguzwa. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia dukani. Ivamektini hupimwa kwa uzito wa mtu na hutolewa na daktari. Ile ya ng'ombe na mbuzi ibaki kwa ng'ombe na mbuzi.

Jambo la mwisho, na ni zito. Usimwambie mgonjwa aache kemo au steroidi kwa kuogopa minyoo. Saratani ya damu isiyotibiwa huua. Kuacha steroidi ghafla baada ya kuzitumia kwa muda nako ni hatari. Wala minyoo hawa si chanzo cha saratani yake, kwa hivyo anayewauzia dawa ya "kusafisha tumbo ili kansa iishe" anawalia pesa. Kinachotakiwa ni mpangilio: uliza, pima, tibu minyoo, na matibabu ya saratani yaendelee. Kama kemo imeshaanza na hakuna aliyewahi kuuliza, bado hamjachelewa. Ulizeni siku ya kliniki inayofuata, na kama tayari kuna homa au kuhara, msingoje siku hiyo.